Shingo Haipimwi kwa Macho

Tangu Mei 2024 Wizara ya Afya imekuwa ikituma madaktari bingwa katika halmashauri zote 184 za Tanzania Bara, wale wanaojulikana kama Madaktari Bingwa wa Mama Samia. Wanapiga kambi siku chache, wanahudumia foleni ndefu, wanaondoka. Kambi ikifungwa tunasomewa idadi ya waliohudumiwa. Kwa mwenye henia au uvimbe kwenye kizazi, hiyo ni neema. Kwa mwanamke wa Shishiyu, wilayani Maswa, anayeshuku kwamba tezi yake ya koo ina hitilafu, kambi haitoshi, na tuache kumwambia kwamba inatosha.

Hitilafu ya tezi hiyo, yaani thairoidi, ni vigumu kuitambua kwa kuiangalia. Mtu anaweza kuwa na goita inayoonekana kutoka ng'ambo ya barabara, kumbe homoni zake ziko sawa. Mwingine shingo haina hata uvimbe, lakini tezi imelegea: anachoka, anasikia baridi jua likiwaka, choo kinakuwa kigumu, hedhi inavurugika. Tezi ikizidisha kazi, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, mwili unakonda, na majirani wanaanza kunong'ona UKIMWI. Mhudumu wa zahanati humgusa mgonjwa koo na kumwambia ameze mate. Anafanya vyema, ila vidole havipimi homoni. Akimwandikia dawa ya presha au ya kuongeza damu kwa kubahatisha, mwaka unakatika hivi hivi.

Wapo wanaosema chumvi yenye madini joto imeshamaliza tatizo. Imesaidia sana, sibishi. Lakini katika miaka ya 1990, huko Zimbabwe na Kivu, baadhi ya watu tezi zao zilianza kuzidisha kazi baada ya chumvi hiyo kuingia. Wengine wanasema malaria kwanza. Hakuna aliyeomba malaria iachwe.

Kinachoniudhi ni kwamba ugonjwa huu unakwenda na kalenda, nasi tunautibu kwa ziara. Kipimo cha kwanza ni cha TSH, homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi. Ikiwa juu, mara nyingi tezi imelegea. Ikiwa chini, mara nyingi imezidisha kazi. Kisha hupimwa T4, homoni ya tezi yenyewe, ili kuthibitisha. Anayeanzishiwa levothyroxine, dawa ya tezi iliyolegea, anatakiwa apimwe tena baada ya wiki 6 hadi 8, na tena kila dozi inapobadilishwa. Dozi ikizidi, moyo unaweza kuumia. Wiki hizo zikitimia bingwa yuko wapi? Ameshaondoka, na mgonjwa amebaki na vidonge asivyojua kama vinamtosha.

Na jibu tunalo, ndiyo maana uvumilivu unaniisha. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hapandishwi basi kwenda Mwanza kupimwa. Anachomwa kisigino, damu inadondoshwa kwenye miduara ya kadi, kadi inakaushwa, inatiwa kwenye bahasha na kusafirishwa hadi maabara kubwa kama ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Inayosafiri ni damu, mtoto anabaki na mama yake. Kwa kadi za namna hiyo hiyo, nchi nyingi zinapima TSH ya watoto wachanga, maana takriban mmoja kati ya kila 2,000 hadi 4,000 huzaliwa na tezi isiyofanya kazi vizuri, na asipotibiwa mapema ubongo wake unadumaa. Quebec, Kanada, ilianza miaka ya 1970! Kwa mtu mzima, seramu iliyohifadhiwa kwenye baridi inavumilia siku kadhaa njiani.

Sasa kwa nini mgonjwa wa tezi ndiye auze mbuzi, apande basi, alale kwa ndugu Mwanza, kisha wiki 6 baadaye aanze upya? Nitaambiwa vitendanishi ni ghali. Posho na malazi ya bingwa nayo ni fedha, na fedha hiyo ilipatikana. Kilichokosekana ni mtu wa kuamua kwamba kichupa cha damu ya mgonjwa wa tezi nacho kinastahili kuingia kwenye sanduku la sampuli.

Madiwani wa Maswa, ombeni jambo hili kwenye bajeti ijayo: siku maalumu ya kuchukua sampuli za TSH, gari au pikipiki ya kuzipeleka, na majibu yarudi zahanati kwa simu. Na wewe uliyepewa dawa ya tezi bila kupimwa damu, usiiache ghafla. Rudi kwa aliyekuandikia, umwombe kipimo.