Ndege Iliyochakazwa: Maoni Juu ya Mifano Itengenezwayo na Wanafunzi

Katika vyuo vyetu vya ualimu, zana ya kufundishia husifiwa mara nyingi kwa unadhifu wake. Mwalimu mwanafunzi aendaye kwenye mazoezi ya kufundisha hubeba chati iliyochorwa kwa rula, moyo wa binadamu uliopakwa rangi isiyo na doa, nyumba ya udongo wa mfinyanzi ambayo haijapata kunyeshewa na mvua hata siku moja. Alama hutolewa kwa usafi. Sina ugomvi na usafi. Lakini nadai hapa kwamba, katika kutengeneza mifano ya vitu, sehemu yenye mafunzo mengi kuliko zote huanza pale tunapodhani kazi imekwisha. Yaani pale ambapo kitu kipya chapaswa kufanywa kionekane kimetumika. Nitatoa kisa kimoja cha Kansay, na katika kisa hicho mkosaji ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa nikifundisha darasa la sita katika shule moja ya kata hiyo. Watoto wa huko, kama wa mahali pengi nchini, huwa mafundi kabla hawajafika shuleni. Wapo watengenezao gari la waya lenye usukani mrefu unaofika kifuani, wakalikimbiza njia nzima. Tulipofikia mada ya skeli, niliwataka wachague kitu kikubwa tukitengeneze kwa skeli ya 1:10. Nilitarajia trekta. Wakachagua ndege ya vita.

Sababu yao haikuwa ya kijinga. Mtoto mmoja alieleza kuwa baba wa babu yake alikuwa Keya, akapelekwa Burma, na kwamba nyumbani kwao bado husimuliwa jinsi askari walivyofurahi kusikia ngurumo ya ndege za upande wao juu ya msitu. Basi tukaichagua Hurricane, ndege ya Kiingereza iliyoruka kwa mara ya kwanza Novemba 1935, na ambayo ziliundwa zaidi ya 14,000. Mwaka 1941 marubani wa Afrika Kusini waliirusha katika vita dhidi ya Waitalia, wakati vikosi vya KAR vikisonga mbele kuingia Somalia na Ethiopia. Mwaka 1944 ilikuwa ikishambulia mbele ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikishuka bonde la Kabaw huko Burma katika matope ya masika ya nchi ile. Watu wa Tanganyika walikuwamo katika jeshi hilo.

Mwalimu mwenzangu alipinga. Alisema si vema kuwafanya watoto waitukuze silaha, na akaongeza kwamba ikiwa ni ndege tunaitaka, tunayo ya jirani: ile Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya punda milia, ambayo Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliitumia kuhesabu wanyama wa Serengeti. Michael alikufa nayo tarehe 10 Januari 1959 baada ya kugongana na ndege mla mizoga, akiwa na umri wa miaka 24, na kumbukumbu yake iko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kando ya barabara ipandayo kutoka Karatu. Hoja ya pili ilikuwa nzuri, na ningependa mmoja wenu aifanye kazi hiyo. Hoja ya kwanza ilinisumbua zaidi, nami nitairudia.

Ujenzi wenyewe nitaupitia kwa haraka. Hurricane ilikuwa na upana wa mita 12.2 toka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, na aina tuliyoifuata ilikuwa na urefu wa karibu mita 9.8, kwa hiyo yetu ilikuwa na sentimita 122 kwa 98, na haikuweza kupita mlangoni ila kwa kulazwa upande. Kiunzi kilikuwa cha mabua ya mtama na waya, mabawa ya kadibodi, gundi ya uji mzito. Rubani alikuwa na kimo cha sentimita 17, baada ya watoto kukubaliana kuwa mtu mzima ana mita 1.7. Jambo moja tu ni lazima lielezwe. Ndege halisi haikuwa ya namna moja mwili mzima. Mabawa na sehemu ya mbele vilivikwa bati jembamba la alumini, lakini kuanzia nyuma ya rubani hadi mkiani ilikuwa ni kitambaa cha kitani, kilichowambwa juu ya kiunzi cha mbao na mabomba ya chuma. Nasi tukafanya vivyo hivyo: nyuma tukawamba kitambaa cha shuka kuukuu.

Tuliipaka rangi ya kijani na ya udongo kwa mabaka, ikapendeza, na hapo ningeweza kuiweka juu ya kabati. Badala yake niliwaambia watoto kwamba ndege hii imefanya kazi miezi sita katika kiwanja cha vumbi. Je, ingekuwaje? Nikaweka sharti moja: hakuna doa litakalotiwa bila kutajwa sababu yake.

Siku ya kwanza ilikuwa fujo. Wavulana walipaka masizi kila mahali kama watu wanaosiliba nyumba. Nikawatoa nje. Tuliutazama mlango wa darasa, tukaona rangi imetoka kuzunguka komeo tu na kwingine imesalia. Tuliutazama mpini wa jembe, unaong'aa pale mikono inaposhika. Tulilingoja gari litokalo Karatu, watoto wakaona kuwa nyuma yake kumejaa vumbi jekundu kuliko mbele, wakabishana muda mrefu kwa nini, mpaka mmoja akasema kuwa gari linapopita huacha nafasi nyuma yake na hewa huikimbilia pamoja na vumbi. Sikuwa nimelifundisha hilo. Sikuwa nimelifikiria.

Waliporudi kwenye ndege walikuwa watu wengine. Masizi yaliwekwa nyuma ya mabomba ya kutolea moshi, mbavuni, yakifuata upepo kuelekea mkiani, na nyuma ya midomo ya mizinga midogo minne ya mabawani. Rangi ya juu ilichujushwa kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu jua hupiga juu. Ya chini ya mabawa ikaachwa, ila ilirushiwa tope jekundu la Kansay, nyuma ya magurudumu. Kwa mikwaruzo tuligundisha karatasi ya kung'aa ya pakiti za sigara juu ya kadibodi kabla ya kupaka rangi, kisha tukaisugua rangi taratibu kwa msasa uliochakaa mpaka mng'aro ukachungulia.

Hapo ndipo yalipotokea mambo mawili ambayo yanitosha kuitetea kazi hii mbele ya mtu yeyote. Watoto waliisugua rangi penye mashina ya mabawa yote mawili, kulia na kushoto, kwa usawa, maana walipenda ilingane. Niliwauliza: baiskeli mnapandia upande gani? Wakafikiri, wakaonyesha kwa miguu yao. Rubani wa Hurricane naye alipandia kushoto, akikanyaga kidato kisha bawa. Wakalipaka upya shina la bawa la kulia bila kuambiwa. La pili lilitoka kwao. Mvulana mmoja alikuwa akichora mikwaruzo ya rangi ya fedha mkiani, na msichana aliyekaa kimya wiki nzima akamzuia, akaniambia, “Mwalimu, huku nyuma ni nguo. Nguo ikichanika haitoi bati.” Angalia, ndugu mwalimu, ni mambo mangapi yamo katika maneno hayo machache. Mtoto huyo alikuwa ameelewa kuwa uchakavu wa nje ni habari ya kilichomo ndani. Vitabu vya sayansi huhitaji ukurasa mzima kusema hivyo juu ya kutu, miamba na mmomonyoko.

Sasa kosa langu. Tulitangaziwa wageni. Jioni ya siku iliyotangulia niliitazama ndege ile juu ya meza, yenye tope, masizi na mkia uliotiwa kiraka, nikaona haya. Nilidhani watasema darasa langu halijui usafi. Nikachukua brashi na rangi iliyosalia, nikaipaka yote upya peke yangu, kwa taa, mpaka usiku. Asubuhi ilikuwa safi kama sahani. Wageni waliisifu, wakaandika, wakaondoka. Watoto hawakusema kitu. Lakini nilipowauliza baadaye ni nani atakayeieleza ndege kwa darasa la tano, hakuna mkono ulioinuka. Yule msichana alisema kwa adabu kwamba hiyo sasa ni ndege ya mwalimu.

Niliomba radhi, jambo ambalo sikufundishwa chuoni namna ya kulifanya, nasi tukaanza tena kusugua. Ilichukua vipindi vinne ambavyo havikuwa katika azimio langu la kazi. Nawashauri msiogope vipindi hivyo, lakini pia msivifiche: viandikeni katika andalio la somo kwa jina lake, hisabati ya skeli, sayansi ya hewa na maada, Kiswahili cha kueleza sababu. Mwalimu mkuu akiona “kuchakaza ndege” peke yake atakuwa na haki ya kuuliza.

Nirudi kwa mwenzangu na hoja ya silaha. Ni kweli kwamba katika nchi iliyoona vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambamo ndege za adui zilivuka mpaka na kudondosha mabomu juu ya watu wetu, si mchezo kumpa mtoto ndege ya vita. Lakini naona ile iliyo safi ndiyo ya kuogopwa. Ndege mpya inayometa juu ya kabati haisemi chochote ila nguvu. Walipofika kwenye kutia matundu ya risasi mkiani, watoto waliuliza ni nani aliyeyaziba, na kama rubani alikuwa ameketi ndani yalipoingia. Wakapima: kutoka tundu la mbele hadi mgongo wa mtu wetu wa sentimita 17 kulikuwa na sentimita 6, yaani sentimita 60 katika ndege halisi. Wakajipima kwa mikono yao, wakanyamaza. Sikuongeza neno, na mwenzangu, aliyekuwa amesimama dirishani, naye hakuongeza.

Wapo watakaosema kwamba shule nyingi hazina hata rangi. Sisi tulinunua kopo moja tu. Meusi yalikuwa masizi ya jikoni, mekundu udongo wa kiwanja, brashi zilikuwa vijiti vilivyotafunwa kama mswaki. Kilichokuwa adimu ni subira yangu.

Ndege ilining'inizwa darasani kwa waya. Baada ya mvua za masika mchwa walipanda ukutani, wakafuata waya, wakaingia katika mabua ya mkia, na asubuhi moja tuliukuta mkia sakafuni, kitambaa kikiwa kizima na ndani yake hamna kitu. Darasa lilijadili kipindi kizima kama hilo nalo lihesabiwe kuwa uchakavu halali, au la, kwa kuwa Burma haikutajwa mchwa. Walipopiga kura, waliosema ndiyo walizidi kwa watatu.