Vijana, Magari na Lugha Tusiyoijua



Wasomaji wapenzi, magari mengi yanayoingia nchi hii kutoka Japani hushushwa hapa kwetu Kilindini kabla ya kufika kwingineko. Huteremka melini yakiwa mapole, yana rangi moja, yametulia kama wageni waliokuja kuposa. Miezi michache baadaye utakutana na moja kati ya hayo pale Makupa, nawe hutalitambua. Limeshushwa hadi tumbo linakaribia lami. Magurudumu yake yameinama ndani kama miguu ya mtu aliyechoka. Rangi ya fedha imekuwa zambarau isiyong'aa, na mlio wake unatangulia kufika kabla ya lenyewe.

Mtu wa makamo yangu akiliona hujiuliza: je, gari hili limegongwa, ama limerembwa? Akimuuliza mwenyewe, atajibiwa kwa maneno ambayo hakuwahi kuyasikia. Ataambiwa habari za "stansi", kwamba gari limekaa chini inavyotakiwa. Ataambiwa kwamba rangi ile si rangi. Ni ngozi ya plastiki inayonata iliyovikwa gari zima, na siku ikimchosha kijana ataibandua. Ataambiwa kwamba nguvu za injini zimeongezwa bila ya spana kugusa kitu, kwa kompyuta iliyounganishwa chini ya usukani. Mzee ataitikia kwa kichwa na kuondoka, akijua kwamba ameshika neno moja katika kumi.

Mimi ni katika wazee hao. Tulipokuwa vijana tukikaa barazani, tulilijua gari la jirani kwa mlio wake kabla halijakata kona, na tulimjua fundi aliyelitengeneza. Leo mitindo hubadilika kabla sijajifunza jina la ule uliopita. Hali hii huleta upweke fulani ambao watu wazima hawapendi kuutaja. Aghalabu huuficha kwa hasira, wakasema tu kwamba vijana wa siku hizi wameharibika.

Hapo ndipo penye hatari, na ndipo ninapotaka tupatazame leo.

Kwanza tuwe waadilifu. Kupamba chombo cha safari ni desturi ya pwani hii tangu zamani. Mtepe, ule uliounganishwa kwa kushonwa kwa kamba, ulichorwa macho kwenye omo. Majahazi ya kutoka Ghuba na Bara Hindi yalichongwa nakshi kwenye tezi, ilhali nakshi haiongezi hata chembe ya upepo katika tanga. Nahodha alitaka chombo chake kijulikane kwa mbali. Kijana wa Majengo anataka jambo hilo hilo.

Kisha tukumbuke magari ya miaka ya 1970 na 1980. Nani kati yetu amesahau pazia la vishada kwenye kioo cha nyuma, honi ya sauti tatu, na vifuniko vya magurudumu vilivyosuguliwa hadi ukajiona uso? Na kile kitambaa cheupe kilichofumwa kwa sindano, kikatandikwa nyuma ya viti na juu yake likakaa boksi la karatasi za kupangusia? Akina mama mnaosoma safu hii, baadhi yenu ndio mliofuma vitambaa hivyo kwa mikono yenu, kwa ajili ya kaka na waume. Msijitenge na jambo hili. Nanyi mlirembesha magari.

Zile taa kubwa za manjano zilizofungwa mbele nazo zilikuwa na asili yake. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, na katika zama zetu yalikuwa sikukuu ya nchi nzima. Peugeot 504 ilishinda mwaka 1975 na tena 1978. Joginder Singh alishinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano. Kijana aliyekuwa na 504 kuukuu ya babake alifunga taa mbili mbele, akabandika namba mlangoni, akawa naye amo mashindanoni.

Nimetaja hayo kwa sababu yanatufungulia mlango wa kuwafahamu wa leo. Wazazi wengi huniuliza kwa nini vijana wanakufa na kupona kwa ajili ya Subaru. Jawabu limo katika historia hiyo hiyo. Colin McRae alishinda Safari ya mwaka 1997 kwa Subaru Impreza, Richard Burns akashinda ya mwaka 2000 kwa Impreza pia, na Mkenya mwenzetu Patrick Njiru aliliendesha Subaru katika miaka hiyo ya 1990. Watoto waliosimama kando ya barabara wakati ule ndio akina baba vijana wa leo. Baada ya hapo ikaja filamu ya The Fast and the Furious mwaka 2001, iliyowafunza vijana wa dunia nzima mabawa ya nyuma na mataa ya rangi chini ya gari. Sasa imekuja simu ya mkononi. Mtindo ukizuka Osaka usiku, barobaro wa Bondeni anautazama asubuhi kabla hajanywa chai.

Basi asili ni ile ile. Kilichobadilika ni mambo mawili. La kwanza ni kasi: pazia la vishada lilidumu miaka kumi, mtindo wa leo hudumu msimu mmoja, na kila msimu una gharama yake. La pili ni kwamba zamani tulipamba vitu vya juu, pazia na taa. Leo kijana anagusa springi, breki, bomba la moshi na akili yenyewe ya injini. Kitambaa cha kufuma hakikuwahi kumuua mtu.

Mama mmoja wa Kisauni aliniletea swali kuhusu mwanawe wa miaka 23. Kijana huyo ana kazi, ana adabu, hana ulevi. Lakini kila shilingi inaishia kwenye gari, na kila Jumamosi hurudi usiku wa manane. Mama yule akasema: "Sheikh, akinieleza simfahamu. Nitamnasihi vipi mtu nisiyemfahamu?"

Naamini swali hilo limo katika nyumba nyingi za mji wetu, na jawabu langu nalitoa kwa wote. Mzazi hahitaji kujua jina la hata kifaa kimoja. Anahitaji maswali matatu, na maswali hayo hayachakai mitindo ikichakaa.

Swali la kwanza: je, gari hili bado linaona na bado linasimama? Kuna vijana ambao, kwa kukosa pesa za springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, huzikata zile za asili kwa msumeno. Gari likishushwa hivyo hubaki na nafasi ndogo ya kumeza shimo. Hurukaruka, tairi huachana na lami, na kwenye kona ya ghafla usukani hautii. Taa nazo zina maradhi yake. Kikombe cha taa kimetengenezwa kwa balbu ya namna moja. Ukitia balbu ya LED katika kikombe cha balbu ya zamani, mwanga hutawanyika na kumpofusha anayekuja mbele, naye huenda ni mwendesha tuktuk aliyebeba mama na mtoto mchanga. Vioo vikitiwa giza kupita kiasi, dereva mwenyewe haoni anayevuka usiku. Muulize mwanao mambo haya kwa utulivu. Akiwa amefanya kazi nzuri, atafurahi kukueleza. Akibabaika, umeshapata habari.

Swali la pili: nani anaamshwa? Ndani ya sailensa mna vyumba vidogo na mabomba yenye vitundu. Mawimbi ya sauti hugonga humo, yakarudi, yakadhoofishana. Likitolewa, kelele yote hutoka mzima mzima. Ule mlio wa kupasuka kama bunduki, ambao wazee hudhani ni ubovu, mara nyingi umenunuliwa: kompyuta ya injini imepangwa upya ili petroli iungue ndani ya bomba la moshi pale dereva anapoachilia mafuta. Wengine huondoa na kile kichujio cha moshi chenye madini ya thamani, ambacho kazi yake ni kupunguza sumu ya hewa tunayoivuta. Katika mitaa ya Mji wa Kale, ambako nyumba zinatazamana kwa hatua chache, mlio mmoja wa saa nane za usiku huingia vyumba ishirini: kwa mgonjwa, kwa mzazi aliyejifungua juzi, kwa mwanafunzi mwenye mtihani. Nchi yetu ina kanuni za mwaka 2009 za kuzuia kelele za kupita kiasi, lakini kabla ya kanuni hizo ilikuwapo haki ya jirani, na mwanao ameifundishwa tangu akiwa madrasa. Mkumbushe tu.

Swali la tatu: pesa hizi ni za nani, na mtindo ukipita kitabaki nini? Kijana akitumia jasho lake baada ya kutimiza wajibu wake nyumbani, tusimfanyie ukali tusioufanya kwa harusi zetu za siku saba. Lakini akina mama wengine wamechukua mkopo wa chama kwa jina lao ili mtoto anunue rimu, wakitumaini kununua mapenzi yake. Rimu hizo mwakani zitauzwa kwa bei ya kutupa. Na ajue jambo moja ambalo vijana hawaambiwi gereji: kampuni ya bima isipoarifiwa kwamba gari limebadilishwa, siku ya ajali inaweza kupata sababu ya kukataa kulipa. Hapo deni litamrudia aliyetia sahihi.

Nilimwambia mama yule jambo jingine, na hili ni muhimu kuliko maswali yote. Nilimwambia: mwombe mwanao akupeleke ulikoolewa dadako, kule Likoni, kwa gari lake hilo. Usiseme neno. Kaa kiti cha mbele. Gari likikwaruza pale penye mteremko wa kuingilia feri, atasikia. Ukishika kiuno kwenye kila tuta, ataona. Kisha muulize: "Mwanangu, hiki ni nini? Na hiki kinafanya kazi gani?" Muulize kwa kutaka kujua, wala usiulize kama askari wa barabarani. Mtoto akipewa nafasi ya kumfundisha mamake, huanza kulitazama gari lake kwa macho ya mamake. Barobaro asiyeulizwa nyumbani huulizwa na barabara, nayo barabara haina huruma ya mzazi.

Na katika kuuliza huko, huenda ukagundua usilolitarajia. Huenda ukakuta kwamba kijana anayechezea gari usiku ana kipaji cha umeme, au cha kupiga rangi, au cha kushona viti. Serikali ilipokaza kanuni za matatu mwaka 2004 na kuyatia yote mstari wa manjano, wachoraji wengi walikosa kazi. Michoro iliporuhusiwa tena mwaka 2014, mikono ile ile iliyoitwa ya wahuni ikalisha familia. Tazameni tuktuk za mji wetu: viti vilivyoshonwa kwa nakshi, taa zilizopangwa, maandishi yaliyochorwa kwa mkono uliotulia. Kuna vijana nyuma ya kazi hiyo, nao wanalipa kodi za nyumba. Anayejua kuipanga upya kompyuta ya injini ili ipige kelele, anaweza kufundishwa kuitumia ili igundue maradhi ya injini, na fundi wa namna hiyo hakosi riziki.

Kwa wanaume wenzangu, nina neno la mwisho. Tumezoea kwamba heshima ya baba ni kujua kila kitu, na tukikuta kitu tusichokijua hukidharau ili heshima isipungue. Mtoto huliona hilo upesi sana. Akimwona babake anadharau asichokifahamu, humficha, na siku akipata shida ya kweli, springi iliyovunjika ama deni ama mashindano ya usiku aliyoshurutishwa na wenzake, hatakuja kwake. Ataenda kwa hao hao wenzake.

Kuachwa nyuma na mitindo hakuna aibu. Ni hali ya kila aliyejaaliwa umri mrefu. Majina ya vifaa tuwaachie vijana. Sisi tushike breki, taa, jirani na deni, maana hayo tunayafahamu vizuri na wao bado wanajifunza. Jumamosi hii, kijana wako akiwa nje anasugua gari lake, toka na vikombe viwili vya kahawa. Kimoja ni chako.

Tukutane juma lijalo, inshallah. Wabillahi tawfiq.