Sikio la Alisoun
Katika Hadithi za Canterbury, Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alimwacha Alisoun wa Bath ajisemee, na mama huyo hakumung'unya maneno. Kaolewa mara tano. Mume wa tano, Jankyn, alikuwa akimsomea kitabu cha visa vya wake waovu. Usiku mmoja uzalendo ukamshinda Alisoun, akachana kurasa, akapigwa kichwani hadi akawa kiziwi wa sikio moja. Hoja yake? Vitabu vya aina hiyo viliandikwa na wasomi wa kanisa; wanawake wangeshika kalamu, waovu wangekuwa wanaume. Kweli tupu, ingawa hata ulimi huo alipewa na mwanamume, huyohuyo aliyesimulia pia habari za Griselda, mke anyang'anywaye watoto na mumewe asinung'unike. Huyo Griselda, mimi simwamini hata kidogo.