Kambi za soka Pemba: Mgeni njoo, mwenyeji apone

Kwa wapenzi wa soka nchini, jina la Pemba si geni. Katika miaka ya 2010 Yanga ilivuka bahari mara kadhaa kwenda kujichimbia huko, hasa inapokaribia mechi ya watani wa jadi, wakati Simba mara nyingi ikichagua Unguja. Yamesemwa mengi kuhusu sababu za timu kuvuka bahari yote hiyo kwenda kufanya mazoezi. Hayo tuwaachie wenyewe. Mimi ni mchumi wa kilimo, na swali langu ni moja: timu ikishaondoka, mkulima wa Chake Chake, Wete, Mkoani au Micheweni amebaki na nini mfukoni?

Jibu la kweli ni kwamba amebaki na kidogo sana. Kambi yenyewe haina fedha nyingi kama watu wanavyodhani. Timu ni watu 30 hadi 40, wanalala hoteli moja, wanakula chakula kilichopangwa na mpishi, na hawatembei ovyo mjini. Wamekwenda Pemba kwa sababu ya utulivu, na kocha hataki waonekane. Mwenye fedha ya kuzunguka mtaani ni shabiki anayeifuata timu yake. Ndiye anayepanda daladala, anayekula pweza barazani jioni, anayenunua halua ya kupeleka nyumbani. Lakini shabiki huyo haji kwa wingi, na akija hukaa muda mfupi, kwa kuwa hakuna aliyempangia safari, si huko atokako wala huku aendako.

Hoja yangu leo ni kwamba safari ya shabiki kwenda kambini ni biashara, na kama ilivyo biashara yoyote, inataka kupangwa kutoka pande zote mbili. Nianze na upande wa msafiri.

Shabiki apange vipi

Jambo la kwanza ni tarehe. Ratiba ya ligi hutolewa mapema, hivyo mechi kubwa zinajulikana wiki nyingi kabla. Kinachochelewa kutangazwa ni mahali pa kambi, ambapo wakati mwingine hujulikana siku chache tu kabla ya timu kuondoka. Kwa hiyo tawi la mashabiki linalotaka kwenda lianze kuchangishana tangu ratiba inapotoka, likijua kwamba timu ikibadili mawazo, fedha ya kila mtu ipo na itarudi. Mweka hazina awe na daftari na stakabadhi. Safari nyingi za matawi huvunjikia hapo, kabla hata ya kufika bandarini.

Jambo la pili ni chombo. Vyombo vya kwenda Pemba ni vichache kuliko vya Unguja, na si kila chombo huondoka kila siku. Wengi huteremkia bandari ya Mkoani, kusini mwa kisiwa, kisha hupanda gari hadi Chake Chake, mwendo wa kilomita 30 hivi. Mwenye uwezo anaweza kuruka kwa ndege ndogo hadi uwanja wa ndege wa Pemba, karibu na Chake Chake. Vyovyote iwavyo, tiketi ya kurudi inunuliwe pamoja na ya kwenda. Shabiki anayekwama Pemba siku mbili zaidi kwa kukosa chombo hutumia fedha ya nauli kununua chakula, na akirudi kwao hatamshauri mwenzake aende.

Hapa lazima niseme bila kuficha. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 meli ya Mv Spice Islander I iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ilizama katika mkondo wa Nungwi. Ilikuwa imepakia kupita uwezo wake, na mamia ya watu walipoteza maisha. Haukupita mwaka, Julai 18, 2012, Mv Skagit nayo ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Watu wa Pemba hawahitaji kukumbushwa, kwani hakuna shehia isiyojua msiba ule. Lakini shabiki mwenye hamu ya kuiona timu yake anahitaji kuambiwa: ukiona chombo kimejaa, teremka. Tawi lisikodi mashua wala jahazi la mizigo ili kuokoa nauli. Hakuna mazoezi ya timu yoyote yenye thamani ya roho ya mtu.

Jambo la tatu ni matarajio. Mazoezi katika Uwanja wa Gombani yanaweza kufunguliwa siku moja na kufungwa siku nne. Aliyekwenda kwa ajili ya kuona mazoezi tu anaweza kurudi amenuna. Kwa hiyo ipangwe safari ambayo hata mlango wa uwanja ukifungwa, mtu hajapoteza siku yake. Kipo cha kuona: ngome ya zamani ya Chake Chake ambayo sasa ni makumbusho, magofu ya Mkama Ndume kule Pujini, msitu wa Ngezi na fukwe za Vumawimbi upande wa kaskazini, kisiwa cha Misali, na kiwanda cha mafuta ya makonyo kilichopo Wawi. Mtu wa Bara ambaye hajawahi kuona karafuu ikianikwa barabarani wakati wa mavuno atakuwa na la kusimulia.

La nne ni adabu. Pemba ni kisiwa cha watu wastaarabu na wacha Mungu. Mavazi ya heshima, kupunguza kelele karibu na msikiti, na kutokula hadharani mchana wa Ramadhani si mambo ya kusubiri kuelekezwa na polisi. Ngoma na matarumbeta yana mahali pake. Shabiki akiharibu jina, mwenye gesti atafunga mlango kwa wote watakaokuja baada yake.

Wenyeji nao wajipange vipi

Sasa nigeukie upande wetu wa uzalishaji, ambako ndiko kwenye hasara kubwa. Tufanye hesabu ya mfano. Tawi moja linaleta mashabiki 100 kwa siku tatu, na kila mmoja anatumia shilingi 40,000 kwa siku kwa malazi, chakula na usafiri wa ndani. Hiyo ni shilingi milioni 12. Tuseme theluthi moja yake, yaani shilingi milioni 4, ni chakula. Iwapo kuku, mayai, vitunguu na mchele vimeletwa kwa chombo kutoka nje ya kisiwa, na katika kila shilingi 1,000 ya chakula shilingi 600 zinarudi zilikotoka bidhaa, basi Pemba imebakiwa na shilingi milioni 1.6 tu. Wageni wamekuja, wamekula, wamelipa, lakini fedha imepanda chombo kabla yao.

Mkulima asikate tamaa kwa hesabu hii, kwani mahitaji ya watu 100 si makubwa. Yai moja kwa kila mgeni asubuhi ni mayai 300 kwa siku tatu, yaani trei 10. Mfugaji mwenye kuku 150 wanaotaga vizuri anaweza kutoa mayai 100 kwa siku peke yake. Robo kilo ya mchele kwa mtu kwa siku ni kilo 75 kwa safari nzima. Kiasi hicho kinaweza kutoka kwenye mabonde ya mpunga ya Pemba, tena mchele mpya wenye harufu yake. Kinachokosekana ni mtu wa kukusanya trei mbili huku na trei tatu kule, na kumhakikishia mama mwenye mgahawa kwamba Ijumaa alfajiri mzigo utakuwa mlangoni.

Hata hivyo, nitoe tahadhari. Mkulima asipande kwa ajili ya kambi. Timu hutangaza leo na kufika kesho kutwa, wakati mchicha unataka wiki tatu hadi nne, matango karibu miezi miwili, tikiti karibu miezi mitatu, na kuku wa kienyeji miezi mitano au sita. Anayesubiri tangazo ndipo apande atavuna timu imeshacheza na kufungwa. Njia iliyo salama ni kupanda kwa kalenda ya mwaka mzima ambayo tayari tunaijua: Ramadhani na sikukuu za Idd, sherehe za Mapinduzi kila Januari 12, na msimu wa karafuu ambapo wachumaji wana fedha mkononi na wanahitaji kula. Soko hilo likishazoeleka kupata mboga, mayai na kuku kila wiki, kambi ya soka itakuta bidhaa zipo. Itakuwa nyongeza juu ya biashara, na isipokuja hakuna aliyefilisika.

Na nyongeza hiyo si ndoto. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa Gombani likishirikisha timu za taifa, zikiwemo Kenya na Burkina Faso, na Zanzibar ikatwaa kombe kwa kuifunga Burkina Faso mabao 2-1 katika fainali. Aliyekuwapo Chake Chake siku zile aliona jinsi mji unavyoweza kujaa. Tena fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 zimepewa Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja. Mashindano hayo hushirikisha timu 24, na kila timu inahitaji mahali pa kulala na kufanya mazoezi. Sisemi kwamba timu itakuja Pemba. Nasema kwamba anayetaka ije hawezi kuanza kujipanga siku inayoshuka kwenye ndege.

Wapo watakaosema tusubiri kwanza hoteli kubwa zijengwe. Siafikiani nao. Mwaka 2002 Kameruni ilipokwenda Kombe la Dunia nchini Japani iliweka kambi katika kijiji cha milimani kiitwacho Nakatsue, chenye wakazi wachache kuliko baadhi ya shehia zetu. Timu ilichelewa kufika kwa siku kadhaa, wanakijiji wakasubiri, na subira ile ikakifanya kijiji kijulikane Japani nzima. Ujerumani nayo mwaka 2014 iliweka kambi katika kijiji cha Santo André huko Brazil, ambako wachezaji walivuka mto kwa pantoni, na wakatwaa Kombe la Dunia. Kuvuka maji hakumzuii mgeni. Kinachomzuia ni kutojua atalala wapi, atakula nini na atalipa kiasi gani.

Mambo matatu ya kuanza nayo

Kwanza, bei. Dereva anayepandisha nauli mara mbili kwa kuwa amesikia lafudhi ya Bara anapata elfu chache leo na kupoteza mgeni wa mwaka ujao. Wenye gesti, wenye migahawa na madereva wakae pamoja, wakubaliane bei na kuzibandika ukutani. Bei inayojulikana humfanya shabiki apange, na anayeweza kupanga hukaa siku nyingi zaidi.

Pili, zawadi. Mgeni atataka karafuu. Lakini karafuu ya Zanzibar hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na kumfungia mgeni kilo mbili tatu kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya nyumba ni magendo. Mgeni anaweza kukamatwa bandarini, na mwenyeji naye akaingia matatani. Tuuze kilicho halali: viungo vilivyofungashwa vyenye stakabadhi, mafuta ya makonyo, sabuni ya mwani, halua ya Wete, mikeka na vikapu. Kinamama wa vikundi vya mwani wanaolalamikia bei ndogo ya mwani mkavu wana soko hapa, kwani sabuni moja humpa mama fedha nyingi kuliko mwani ule ule aliouuza kwa kilo.

Tatu, mtu mmoja wa kupigiwa simu. Kila mji uwe na kikundi kidogo chenye mwakilishi wa wafugaji, wa wakulima wa mboga, wa wenye gesti na wa madereva, kikifahamika kwa sheha na kwa wilaya. Tawi la mashabiki la Temeke au Tanga likitaka kuja, lipige namba moja tu, liulize vitanda, chakula na gari, lipewe bei na litangulize malipo ya awali. Malipo hayo ndiyo yatakayomwezesha mama wa mgahawa kumlipa mfugaji mapema, badala ya kwenda kukopa vitunguu dukani kwa bei ya mkopo.

Hakuna katika haya linalohitaji mfadhili wala semina ya siku tano. Yanahitaji daftari, simu na watu wanaoaminiana. Ratiba ya ligi ikitoka, shabiki aanze kuweka akiba yake, na mkulima wa Pemba aangalie banda na bustani yake aone ana nini cha kuuza wiki hiyo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wetu wa soka amekuwa akija na kuondoka miaka mingi. Kupona kwa mwenyeji kutategemea atamkuta na nini sokoni.