Fedha kwa Maskini ni Haki, Si Hisani ya Mkubwa

Katika nchi yetu maskini amezoea kupewa kila kitu isipokuwa fedha. Hupewa unga wakati wa njaa, hupewa fulana na leso wakati wa kampeni, na hupewa mawaidha mwaka mzima. Lakini fedha taslimu, ambazo angezitumia kwa akili yake mwenyewe, wakubwa huona ni hatari kumkabidhi. Husema atazilewa, atazitapanya, atakuwa mvivu. Tunaandika kuipinga dhana hiyo, na tunaanzia Karungu, kwa kuwa huko ziwani hoja hii si ya darasani. Ni ya chungu na meko.

Karungu iko ukingoni mwa Ziwa Victoria, katika eneo la Nyatike, Kaunti ya Migori, jirani na Gwassi iliyo upande wa Homa Bay. Mvua zake si za kutegemewa. Watu huishi kwa mtama, mahindi, mifugo michache na samaki: omena, mbuta na ngege wanaouzwa katika soko la Sori. Ukimwi ulipoikumba nchi ya ziwani, uliwachukua wazazi, ukawaacha nyanya wakilea wajukuu kwa mikono iliyokwisha kuchoka. Kwa familia za namna hii ndipo serikali ilipoanzisha mpango wa kuwalipa fedha walezi wa mayatima.

Mpango huo ulianza kwa majaribio mwaka 2004 katika Garissa, Kwale na Nairobi. Ulihusu kaya 500 tu, kila moja ikipata Sh500 kwa mwezi. Ulipopanuliwa, Migori, Homa Bay na Suba zilikuwa miongoni mwa wilaya saba ambako matokeo yake yalichunguzwa kuanzia mwaka 2007, kaya zilizopokea fedha zikilinganishwa na zile ambazo zilikuwa hazijapokea. Kiasi kilikuwa kimefika Sh1,500 kwa mwezi. Miaka miwili baadaye ilionekana kwamba kaya zilizopokea zilikula vizuri zaidi, maziwa na nyama vikaongezeka mezani, na watoto wengi zaidi waliingia shule ya sekondari. Watoto walipunguziwa kazi za shamba. Vijana wa kaya hizo walipohojiwa tena mwaka 2011, ilibainika kwamba walichelewa kuanza mahusiano ya kimwili kuliko wenzao.

Anayeuliza jinsi Sh1,500 zilivyoweza kuleta hayo yote hajui gharama ya kuwa maskini. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Maskini wa kijijini huuza mahindi yake wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kwa sababu ana deni la duka na karo ya mtoto. Miezi michache baadaye huyanunua yale yale kwa bei ya juu. Msimu wa palizi ukifika, huenda kulima vibarua katika shamba la mwingine ili apate unga wa jioni, na shamba lake mwenyewe likamezwa na magugu. Mtoto akikosa sare, hurudishwa nyumbani. Akikaa nyumbani, huteremka ufuoni kutafuta kibarua cha samaki. Hivyo njaa ya leo huzaa njaa ya mwakani. Fedha kidogo zinazofika kwa wakati hukata mnyororo huo mahali penye kiungo dhaifu.

Tuongeze jambo ambalo makanisani hutajwa kwa kunong'ona. Wote wakaao kando ya ziwa wanalijua neno jaboya. Mwanamke mchuuzi asiye na mtaji huona kwamba, ili auziwe samaki kabla ya wenzake, hana budi kumpa mvuvi mwili wake pamoja na fedha. Tumehubiri dhidi ya dhambi hiyo kwa miaka mingi. Je, tumeuliza mtaji wa karai moja la omena ni kiasi gani, na nani wa kuutoa? Mahubiri yasiyouliza swali hilo humtwisha mwanamke mzigo wote, na kumwachia tajiri wa mtumbwi amani ya moyo.

Uthibitisho haukomei kwenye mpango wa serikali. Huko Siaya, kati ya mwaka 2014 na 2017, shirika la Marekani liitwalo GiveDirectly liliwapa watu wa nyumba za nyasi takriban Sh87,000 kwa kila kaya, kwa njia ya simu, bila sharti lolote. Kaya zaidi ya 10,000 zilipokea, na wataalamu wakafuatilia vijiji 653. Waliopokea waliezeka mabati, wakanunua mifugo, wakala wakashiba. La ajabu zaidi ni kwamba majirani wasiopokea chochote nao walipata nafuu, kwa kuwa fedha zilizunguka kwa fundi, kwa mwenye duka na kwa mwenye kinu. Kila shilingi moja iliyotolewa ilikadiriwa kuzaa shughuli za takriban shilingi mbili na nusu katika eneo hilo, na bei za bidhaa hazikupanda kwa kiasi cha kumwumiza mtu.

Mwaka 2025 yalitolewa matokeo mengine ya mpango huo wa Siaya, na yafaa yasomwe kwa unyenyekevu. Katika kaya zilizopata fedha wakati mtoto alipokuwa akizaliwa, vifo vya watoto wachanga vilipungua karibu nusu. Akina mama walipumzika kazi nzito miezi ya mwisho ya ujauzito, wakaenda kujifungulia hospitali. Nafuu ilikuwa kubwa zaidi mahali ambapo kituo cha afya kilikuwa karibu. Maana yake ni kwamba fedha hazichukui nafasi ya zahanati. Fedha na zahanati ni miguu miwili ya mtu mmoja.

Na ulevi je? Mwaka 2014 wachunguzi wawili, Evans na Popova, walikusanya tafiti 19 kutoka nchi mbalimbali maskini. Hawakuona kwamba wapokeaji wa fedha huongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Na ndoa je? Huko Rarieda, ambako fedha zilitolewa mwaka 2011 na 2012, kipigo kwa wake kilipungua. Wanaosema maskini ataharibiwa na fedha wanapaswa kutueleza kwa nini fedha haziwaharibu wao.

Lakini kuna jambo la Homa Bay ambalo hatuwezi kulipita. GiveDirectly ilipoingia kaunti hiyo mwaka 2015, karibu nusu ya watu waliostahili kupokea walikataa. Shirika lenyewe lilieleza kwamba ulienea uvumi kuwa fedha hizo ni za ibada ya shetani, na kwamba atakayezipokea atadaiwa malipo ya kutisha. Wengi mijini waliwacheka watu wa ziwani kwa ujinga. Sisi hatucheki.

Tujiulize uvumi huo ulipata wapi nguvu. Hofu ya shetani haikuzaliwa Homa Bay: mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume nzima, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, ichunguze ibada ya shetani nchini. Tena mwananchi wetu amefundishwa kwa miaka mingi kwamba hakuna cha bure. Enzi za chama kimoja, chakula cha msaada kilipitia mkononi mwa chifu, na aliyekuwa na ulimi mkali alijua jina lake laweza kusahauliwa. Mchango wa harambee ulitangazwa kwa kipaza sauti ili mtoaji asifiwe na mpokeaji akumbuke. Vyama vingi viliporudi Desemba 1991, tabia hiyo haikufa. Iligawanywa tu miongoni mwa vyama. Noti ya usiku wa kuamkia uchaguzi bado hudai kura asubuhi. Mtu aliyekulia katika soko la namna hiyo, akiambiwa apokee mapato ya karibu mwaka mzima bila sharti, ana sababu ya kuuliza: nitalipa nini? Swali lake lilikuwa la busara. Aliyekosa ni utawala ulioifanya kila zawadi kuwa deni.

Dawa ya hofu hiyo ni haki iliyoandikwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na inaibebesha serikali wajibu wa kuwahifadhi wasioweza kujikimu wao wenyewe pamoja na wanaowategemea. Waumini hawana haja ya kushangaa, kwani sheria hiyo ni ya kale. Ruthu alipoingia shambani kuokota masazo ya mavuno, aliingia kwa sheria iliyomkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembezoni. Boazi alikuwa mwema, lakini haki ya mjane na mgeni ilikuwapo kabla ya wema wake.

Sasa tuitazame haki hiyo inavyotekelezwa. Mpango wa Inua Jamii huwalipa wazee, walezi wa mayatima na wenye ulemavu mkubwa Sh2,000 kwa mwezi. Kiasi hicho hakijasogea tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilhali bei ya unga imesogea kila mwaka. Malipo yamechelewa mara nyingi, yakaja ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na nyanya aliyekopa dukani akiyatarajia amelipia ucheleweshaji huo kwa aibu. Wako wazee ambao jembe limewafuta alama za vidole, mashine ikakataa kuwatambua. Wako walioachwa nje ya orodha bila kuelezwa sababu. Haki isiyo na tarehe wala mlango wa kulalamikia hugeuka hisani tena.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, orodha ya wanaolipwa isomwe hadharani katika baraza la kila kata, ili kijiji kijue nani ameingizwa na nani ameachwa. Pili, fedha zifike tarehe inayojulikana, kama mishahara ya wabunge inavyofika. Tatu, kiasi kipande pamoja na bei ya chakula. Nne, mwanasiasa yeyote asisimame mbele ya wazee kuwakabidhi fedha za umma kana kwamba zimetoka mfukoni mwake.

Kwa makanisa tuna ombi la pekee. Uvumi ukianza tena, kasisi na mchungaji wasiutie moto kutoka mimbarini, wala wasiudharau. Waulize waziwazi fedha zimetoka wapi, zinatolewa kwa sheria gani, na nani atajibu zikipotea; kisha wawaeleze waumini majibu waliyopata. Kila parokia iteue watu wawili wa kuwasindikiza wazee siku ya malipo na kuandika majina ya waliokosa. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji daftari, kalamu, na watu wasiomwogopa chifu.

Nyanya wa Karungu akipokea haki yake bila kumshukuru mkubwa yeyote, siku ya kura ataweza kumkataa mkubwa huyo bila hofu. Wapo wanaoliogopa hilo kuliko ulevi. Sisi tulipiganie.