Kabla ya kununua kitambuzi cha metali, uliza udongo wako

Haya, leo tuweke msimbo kando, tuongee juu ya chuma.

Kila Mkenya ameshapitishiwa kile kifimbo cha askari mlangoni mwa benki au supamaketi. Kinalia, unaonyesha funguo, unaingia. Kwa hiyo sote tunadhani tunakijua kitambuzi cha metali. Lakini kifimbo cha mlangoni kina kazi rahisi: kati yake na chuma kuna shati tu na hewa kidogo. Ukiishusha mashine ardhini mambo hubadilika. Ukiishusha kwenye ardhi ya Nakuru, yanabadilika zaidi.

Naandika haya kwa sababu hapa kwetu ukisomea kompyuta, watu hukuletea kila kitu chenye betri. Redio, saa, mzani wa kuku. Siku hizi swali ni moja: "Ninunue kitambuzi gani?" Wanaouliza si wachimbaji wa madini. Ni watu wa mara moja moja: mwenye shamba, fundi, kijana aliyeona video. Mmoja wao, jirani wa huko Njoro, alikuwa tayari kukopa kwenye sako yake. Hapo ndipo nilipoona si jambo la kuchekea.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyependa maneno mengi aende zake. Mtu wa mara moja moja hapa Bonde la Ufa asinunue kina. Anunue uwezo wa kusawazisha udongo. Na kama hawezi kutaja kwa sentensi moja kitu anachotafuta, asinunue kabisa.

Sasa tufungue mashine tuone.

Ndani ya ile sahani ya chini mna koili za waya wa shaba. Moja hupitishiwa umeme unaogeuza mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, nao hutengeneza uga wa sumaku unaoingia ardhini. Uga huo ukikutana na metali, huamsha mikondo midogo ya umeme ndani yake. Mikondo hiyo hutoa uga wake, dhaifu na uliochelewa kidogo. Koili ya pili kazi yake ni kusikiliza. Prosesa hupima vitu viwili: nguvu ya jibu na kuchelewa kwake. Basi! Hakuna picha, hakuna eksirei, hakuna uchawi.

Hebu tupige hesabu ya kina, maana ndipo wauzaji wanapotukamatia. Uga unaokwenda chini hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali. Jibu linalorudi nalo hupungua hivyo hivyo. Ukizidisha unapata kipeo cha sita. Maana yake ni kwamba kwa kitu kidogo kilicho mbali na koili, kina kikiongezeka mara 2, ishara hubaki karibu sehemu 1 ya 64. Ndiyo maana mashine nyingi za kuanzia husikia sarafu kwenye sentimita 15 hadi 25, tena udongo ukiwa mzuri. Anayekuahidi sarafu iliyo mita 2 chini anakuuzia tangazo.

Nimesema "udongo ukiwa mzuri". Wetu si mzuri.

Nakuru imelala miguuni mwa Menengai. Tunalima juu ya jivu la volkano, na majivu na mawe ya volkano mara nyingi hubeba chembe za oksidi ya chuma zinazovutwa na sumaku. Huna haja ya maabara kulipima hili. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwa kitambaa, kisha iburute kwenye mchanga ulioachwa mtaroni baada ya mvua. Tazama chembe nyeusi zinazong'ang'ania. Hizo zote nazo huijibu koili. Mashine inasikia ardhi nzima ikipiga kelele, nawe unataka isikie pete moja katikati ya kelele hizo.

Dawa yake ni kusawazisha udongo. Waandishi wa programu wataelewa upesi: unapima kwanza thamani ya kawaida ya ardhi tupu, kisha unaitoa kwenye kila kipimo kinachofuata. Kinachobaki ndicho cha kuchunguza. Mashine zinatofautiana sana hapa. Garrett ACE 300 ya Marekani, ambayo wanaoanza wengi huipenda, imepangiwa thamani hiyo kiwandani na mtumiaji hawezi kuigusa. Kwenye udongo mpole inatosha kabisa. Familia ya Simplex ya kampuni ya Nokta ya Uturuki hukuwezesha kusawazisha mwenyewe papo hapo ulipo. Vanquish za Minelab ya Australia, zilizotoka mwaka 2019, hujisawazisha zenyewe na hutumia masafa kadhaa kwa pamoja, jambo linalosaidia sana udongo ukiwa na chumvi. Sipigii debe kampuni yoyote. Nataka uone kwamba mashine za bei zinazokaribiana zinaweza kuachana mbali kwenye kipengele hiki kimoja, na kipengele hicho hakiandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Kwa hiyo ukienda kununua, omba kujaribu nje, juu ya udongo wa kwetu, si juu ya meza ya duka. Tafuta mahali pasipo na metali. Inua koili na kuishusha mara kadhaa, kama mtu anayetwanga. Ikinyamaza, vizuri. Ikipiga kelele kila inaposhuka, na hakuna kitufe cha kuituliza, rudisha pesa yako mfukoni. Jaribio hilo usilifanye chini ya nyaya kubwa za umeme, mfano zile zinazotoka Olkaria. Hapo hata mashine nzuri hubwabwaja, na itabidi upunguze usikivu wake.

Kitu cha pili kinachouza sana ni kubagua. Muuzaji atakuambia mashine inaruka takataka na kukuletea dhahabu tu. Hapa naomba uifikirie kama kichujio cha barua taka. Kinapima alama moja, kuchelewa kwa jibu, kisha kinakisia. Tatizo ni kwamba karatasi ya aluminiamu ya pakiti ya sigara, kile kipete cha kufungulia kopo la soda na pete ndogo ya dhahabu huweza kupata alama zinazofanana. Ukiamuru mashine ifiche karatasi, huenda umeiamuru ifiche na pete ya mke wako. Kichujio kikali hukuletea ukimya, na ukimya huo utaudhania ni ardhi tupu. Mashamba yetu ya zamani yamejaa vipande vya seng'enge, misumari ya mabati na vifuniko vya chupa. Hakuna mashine itakayokuepusha kuchimba takataka. Zoea.

Basi mtu wa mara moja moja anaitumia kwa nini? Nina majibu manne ninayoyaamini.

Kwanza, bikoni. Ploti nyingi zilizokatwa kutoka mashamba makubwa huku kwetu mipaka yake iliwekewa chuma kilichosimikwa ndani ya saruji. Miaka inapita, trekta linalima, mvua inaleta udongo, bikoni inapotea na majirani wanaanza kutazamana vibaya. Mwaka jana tulikwenda na mashine ya kuazima kwenye ploti ya binamu yangu upande wa Bahati. Kwa asubuhi moja tulisikia 3 kati ya 4, zote chini ya udongo usiozidi sentimita 20. Ya nne hatukuipata. Hatukugusa chochote. Tuliweka vijiti, tukampigia simu mpimaji wa ardhi mwenye leseni, naye akafanya kazi yake. Sheria ya upimaji inakataza kung'oa au kusogeza alama hizo, na mlio wa mashine si ushahidi wa mpaka. Lakini ulimwokolea binamu yangu muda, na ulipunguza joto kati yake na jirani kabla halijawaka.

Pili, mabomba. Ya chuma ya zamani utayasikia. Ya plastiki hutayasikia kamwe, hata ununue mashine ya bei ya gari.

Tatu, mbao. Mafundi wa Elburgon na Molo wanajua msumari mmoja uliojificha ndani ya gogo unavyoweza kuharibu msumeno. Kwa kazi hii huhitaji mashine kubwa. Kifimbo cha askari kinatosha.

Nne, kilichopotea jana: pete, funguo, nati ya jembe la trekta. Kitu ukijua kilipoangukia, hakijazama, na hapo mashine rahisi hufanya kazi yake vizuri.

Umeona sijataja dhahabu. Najua ndiyo iliyowaleta wengine hapa, kwa hiyo tuongee wazi. Dhahabu ya Kenya inajulikana zaidi magharibi, Kakamega, Vihiga, Siaya na Migori, kwenye mawe yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kakamega ilifurika watafutaji tangu mwaka 1931. Volkano za kwetu ni watoto wadogo mbele ya mawe hayo. Kutembea na kitambuzi Rongai au Subukia ukitafuta vipande vya dhahabu ni kama kutafuta samaki wa bahari Ziwa Naivasha: nyavu yako yaweza kuwa nzuri, maji ndiyo siyo. Hata huko magharibi, vipande vidogo huhitaji mashine za masafa ya juu, na zile zenye nguvu za kutumia mapigo hugharimu maelfu ya dola. Tena Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inayaweka madini mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi, na mchimbaji mdogo naye anahitaji kibali.

Kuna kibaya zaidi ya mashine isiyofaa: fimbo yenye antena. Utaiona kwenye video. Mtu ameshika mpini, antena inageuka yenyewe na kuelekea "hazina" iliyo mita mia moja mbele. Wanasema inatambua dhahabu, almasi, hata zebaki nyekundu. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza fimbo za aina hiyo kama vitambuzi vya mabomu. Alitajirika kwa kuziuza Iraq kwa maelfu ya dola kila moja. Asili yake kilikuwa kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu, cha bei isiyofika dola 20. Hakikuwa hata na betri. Mkono wa mshikaji ndio ulioigeuza antena bila yeye kujua. Watu walikufa wakiamini ulinzi ule. Kwa hiyo kanuni yangu ni rahisi: kama mashine haina koili ya kupitisha karibu na ardhi, hakuna inachosikia.

Kuhusu sheria, usiruke sehemu hii. Nakuru ina Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937, na barabara ya kwenda Gilgil inakupitisha karibu na Kariandusi. Tunaishi juu ya historia. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kuvitafuta kwa makusudi kunahitaji leseni, na ukikutana na kitu cha kiakiolojia kwa bahati unatakiwa kuijulisha Makumbusho katika siku 7. Kile unachokiharibu kwa jembe hakirudi. Hifadhi za wanyama na maeneo ya kihistoria kaa mbali nayo, na shamba la mtu omba ruhusa kwanza.

Na ukisafiri kaskazini kuelekea Laikipia na Samburu, acha mashine nyumbani. Huko kuna maeneo ya mazoezi ya kijeshi, na mabomu yasiyolipuka yameua na kulemaza wafugaji. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa fidia zaidi ya watu 200. Kitambuzi hakitofautishi bomu na jembe bovu.

Sasa mfuko. Ushauri wangu kwa jirani wa Njoro ulikuwa huu: usikope. Tafuteni watu watano mnunue mashine moja ya kuanzia, yenye kusawazisha udongo, pamoja na kifimbo kidogo cha kulenga ndani ya shimo. Hicho kifimbo watu hukisahau, na ndicho kinachokuokolea nusu ya muda wa kuchimba. Spika za masikioni msizisahau pia. Mtu wa mara moja moja huitumia mashine siku chache kwa mwaka. Siku zilizobaki inakaa juu ya kabati ikishika vumbi. Watu watano wakizigawana siku hizo, mashine inafanya kazi na hakuna aliyeuza mbuzi.

Naye akaniuliza: je, tukipata kitu cha thamani? Nikamwambia waandike makubaliano kabla ya kuwasha mashine, maana baada ya mlio wa kwanza hakuna anayesikilizana.