Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Majibu ya damu ya binti yangu yalikuwepo

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kigali.

Nakuandikia kutoka Mbugangari, Rubavu, kwa Kiswahili, lugha ambayo tangu 2017 ni mojawapo ya lugha rasmi za nchi yetu, na ndiyo tunayouziana nayo, tunayogombana nayo na tunayobembelezea watoto katika mtaa huu wa mpakani. Kabla ya kukuandikia hadharani nimekwenda kwa muuguzi, kwa mkuu wa maabara na kwa mkurugenzi wa hospitali. Kote nimepokewa kwa upole, na kote nimetoka mikono mitupu. Basi uniwie radhi pale heshima itakapozidiwa na uchungu.

Binti yangu hasikii. Alizaliwa akisikia. Adhana ya alfajiri ilikuwa ikimwamsha, na mama yake akiita kutoka uani, mtoto alianza kurusharusha miguu kabla hajamwona. Leo mfuniko wa sufuria ukianguka kwenye saruji karibu na kichwa chake, hapepesi jicho.

Hasikii kwa sababu aliugua homa ya uti wa mgongo. Aliiugua kwa sababu ana selimundu, ambayo huku kwetu tunaiita SS, na hakuwa anapewa penisilini. Hakupewa penisilini kwa sababu karatasi ya majibu yake ilikaa ndani ya droo. Mengine yote katika barua hii ni maelezo ya sentensi hizo.

Katika ukoo wa mke wangu, upande wa Goma, ng'ambo ya mpaka, wamo watoto wenye SS, na mpwa mmoja tumeshamzika. Kwa hiyo siku ya chanjo ya wiki ya sita tuliomba mtoto apimwe, na muuguzi wa kituo cha afya akatuelekeza hospitalini. Hospitali hiyo siitaji, kwa sababu sitaki karani mmoja afukuzwe kisha mambo yaendelee kama kawaida. Walimchoma kisigino, wakadondosha damu katika miduara iliyochorwa kwenye kadi nene, mduara mmoja baada ya mwingine mpaka yote ikajaa. Kadi ikaachwa ikauke, ikatiwa kwenye bahasha. Jina likaandikwa katika daftari kubwa lenye safu: tarehe, jina, umri, namba, simu ya mzazi, majibu. Tukaambiwa kadi inakwenda maabara Kigali na majibu yatarudi baada ya wiki chache.

Wiki zikawa miezi. "Majibu bado." "Mfumo umekwama leo." "Tutawapigia." Simu haikulia. Siku moja muuguzi alinionyesha daftari lenyewe ili niamini kwamba hanifichi kitu. Mstari wa binti yangu ulikuwa umejaa tangu mwanzo hadi namba yangu ya simu, kisha safu ya majibu ilikuwa tupu. Mistari ya juu yake ilikuwa tupu vilevile, na ya chini yake pia. Nikauliza: na hawa wote? Akafunga daftari.

Baadaye mikono na miguu ya mtoto ikavimba. Vidole vilikaza, ngozi ikang'aa, na kumvalisha soksi tu kulimtoa yowe. Mheshimiwa, kuvimba kwa mikono na miguu ni miongoni mwa dalili za kwanza kabisa za selimundu kwa mtoto mchanga, na daktari yeyote amelisoma hilo. Tulipewa dawa ya maji ya kutuliza maumivu na tukaambiwa tumfunike vizuri, baridi ya ziwa ni kali. Hakuna aliyefungua daftari.

Kisha ikaja homa, degedege, karatasi ya transferi, na gari la wagonjwa la usiku kwenda Kigali. Huko walimtoa maji ya uti wa mgongo wakamkuta bakteria yule yule anayeleta kichomi. Wakapima damu yake, na mara hii majibu hayakuchukua miezi: SS. Daktari, kijana mpole, akatuuliza: "Penisilini ameanza lini?" Mke wangu akanitazama. Ndiyo mara ya kwanza tulisikia kwamba mtoto wetu alistahili kuinywa kila siku.

Tuliporudi Rubavu nilidai majibu yale ya kwanza, na yakapatikana. Yalikuwa yamerudi kutoka Kigali zamani, kabla mikono haijavimba, kabla ya homa, mtoto akiwa bado anageuka akisikia jina lake. Namba ya kadi ilikosewa tarakimu moja, basi karatasi ikawekwa kwenye droo pamoja na nyingine "zisizo na wenyewe". Juu yake palikuwa na jina la mtoto, jina la mama na jina la mtaa. Mwenyewe alikuwa akija kuyaulizia.

Faida ya penisilini huhitaji kufundishwa na mimi. Tangu 1986 utafiti uliofanywa Marekani kwa watoto wadogo 215 wenye selimundu ulionyesha kwamba penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku inapunguza maambukizi ya bakteria huyu wa kichomi kwa zaidi ya asilimia 80. Matokeo yalikuwa wazi kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, maana kuendelea kuwanyima dawa watoto wa kundi la pili kungekuwa dhuluma. Dawa hiyo ni ya zamani na ni ya bei nafuu. Binti yangu aliikosa, na sasa hasikii.

Najua nitajibiwa kwamba alichanjwa. Naam, alichanjwa. Rwanda iliingiza chanjo ya bakteria huyu mwaka 2009, ikitangulia nchi nyingine zenye kipato kama chetu, na kadi yake ya chanjo haina pengo. Lakini chanjo haizuii aina zote za bakteria huyo, na wengu wa mtoto wa SS huharibika mapema, ukashindwa kuchuja damu yake. Ndiyo maana mtoto wa namna hii hupewa chanjo na penisilini pia, mpaka angalau afikishe miaka 5. Sisi tulipewa nusu ya ulinzi, kwa sababu waliotakiwa kutupa nusu ya pili hawakujua ya kuwa karatasi wanayo.

Meza ya mke wangu sokoni imechukuliwa na mtu mwingine. Bima ya afya ya mutuelle tumelipa bila kukosa, lakini asilimia 10 ya gharama tunayolipa wenyewe, nauli na chakula cha wodini vimekula mtaji. Mtoto mkubwa amelelewa na majirani. Hayo tutayamudu, Inshallah. Usikivu haurudi.

Nchi hii ikiamua jambo linatendeka, na sisi wa Mbugangari ni mashahidi. Mwaka 2019, Ebola ilipofika Goma, kila aliyevuka mpaka pale Petite Barrière alinawa mikono na kupimwa joto. Ni maelfu kwa maelfu kila siku, wenye mabeseni ya nyanya na wenye watoto mgongoni, na hakupita mtu bila kutazamwa. Ilipokuja Korona, watu walipimwa na majibu yakawafikia kwenye simu. Tangu Oktoba 2016 chupa za damu zinarushwa kwa ndege zisizo na rubani kutoka Muhanga hadi hospitali za vijijini kwa dakika. Damu inaruka juu ya milima kumfuata mgonjwa. Karatasi ya majibu ikashindwa kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Wala kupima selimundu si jambo lililozishinda nchi kama yetu. Waganda, kuanzia 2014, walichukua zile kadi za matone ya damu zilizokusanywa kwa ajili ya kipimo cha VVU cha watoto wachanga, wakazipima selimundu karibu laki moja. Kadi zilikuwepo na njia ya kuzisafirisha ilikuwepo, waliongeza nia. Siku hizi vipo vipimo vya haraka vinavyotumia tone moja la damu na kutoa majibu mama akiwa bado amekaa kwenye benchi. Na mwaka 2010, mjini Malabo, mawaziri wa afya wa Afrika walipitisha chini ya Shirika la Afya Duniani mkakati wa selimundu unaotaja kupima watoto wachanga na kuwatibu mapema. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni kijana, na huku kwetu mzazi bado anaomba kipimo hicho kwa kuwa tu ameshamzika mpwa.

Hapo ndipo hasira yangu inapovuka droo moja. Tumezoea kuhesabu waliopimwa. Mikutanoni husomwa idadi ya sampuli zilizochukuliwa, na watu hupiga makofi. Nani anahesabu majibu yaliyofika mkononi mwa mzazi? Mwenye fedha hupima kliniki ya binafsi Kigali na kuondoka na karatasi yake. Mwenye mutuelle huacha damu ya mwanawe na kurudi nyumbani kungoja. Damu ya maskini ikishachukuliwa haina wa kuifuatilia. Kipimo ambacho majibu yake hayamfikii mgonjwa ni maumivu aliyopewa mtoto bure.

Mheshimiwa Waziri, naomba mambo manne.

Kwanza, majibu ya kipimo chochote cha mtoto mchanga yatumwe kwenye simu ya mzazi siku ile ile yanapotoka maabara, na yasipotoka kwa muda uliowekwa, mzazi aarifiwe hivyo pia.

Pili, mtoto anayesubiri majibu ya selimundu, ambaye ukoo wake una ugonjwa huo, aanzishiwe penisilini bila kungoja karatasi. Yakija majibu mazuri, aiache.

Tatu, vipimo vya haraka viletwe kwenye vituo vya afya na vifanyike siku ya chanjo ya wiki ya sita, siku ambayo karibu kila mama wa Rwanda anamleta mwanawe.

Nne, na hili halihitaji bajeti wala mfadhili: agiza wiki hii kila hospitali ya wilaya ifungue daftari lake la maabara na bahasha za karatasi "zisizo na wenyewe". Kila mstari wenye safu tupu una namba ya simu. Wapigiwe.

Binti yangu sasa anapata penisilini, asubuhi na jioni. Tumeanza pia safari nyingine ya vipimo, ya masikio, na hiyo nitaifuata mwenyewe hatua kwa hatua. Lakini juu ya jina lake katika daftari lile nimeona majina ya watoto wengine ambao safu yao ilikuwa tupu. Wengine huenda wangali wanasikia. Wazazi wao wapigiwe simu leo.

Kwa heshima,
Baba wa mtoto,
Mbugangari, Rubavu